Siku ya Tatu kwenye Maji Moto

Kibao cha ofisi ya utalii kilipopakwa rangi mara ya kwanza kilisomeka SAFALI NJEMA, na Moreen Adero hakuvumilia kupita chini yake hata siku mbili. Alimrudisha fundi, akasimama naye kwenye jua la Kisugu, Kampala, mpaka ile L ikawa R. Jamilah, mwenye ofisi, alikuwa anasema "safali" tangu alipojua kusema, na hakuwahi kupotea njia kwa sababu hiyo. Alicheka tu. Tangu siku hiyo akawa anawaambia wateja wajihadhari na Mkenya wake, kwa maana ukikosea neno anakusimamisha kama trafiki.

Moreen aliupenda utani huo kuliko alivyoonyesha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na diploma ya utalii aliyoisomea chuo kimoja karibu na Kyambogo, lakini hiyo haikuwa fahari yake. Fahari yake ilikuwa Kiswahili. Utotoni Kisumu alikuwa akisema "samba" badala ya shamba na "sida" badala ya shida, na darasa zima lilikuwa likimwigiza. Akawa anajifungia chooni na magazeti ya zamani, anasoma kwa sauti hadi ulimi ukanyooka. Sasa ilikuwa zamu yake kusikiliza makosa ya wengine, na Kampala haikuyaacha masikio yake yapumzike.

Mwezi wa sita aliingia ofisini mama mmoja Mkongomani, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mkononi ana karatasi iliyokatwa kwenye kalenda. Jina lake Marie-Jeanne. Kwenye karatasi kulikuwa na ngome ya Ulaya yenye minara mitano, nyuma yake milima, mbele yake ziwa. Alisema yeye na wenzake wanne wa kwaya wamejiwekea akiba miaka mitatu, na mwezi wa nane wanataka kwenda likizo kuona kitu kama hiki, ngome za watu wa kale na pori lisilolimwa na mtu.

"Miaka tisa niko Uganda," alisema. "Safari zangu zote zilikuwa za kukimbia. Nataka moja tu ya kwenda kuangalia."

Maneno hayo yalimpendeza Moreen. Akamkalisha, akafungua ramani mezani. Alimweleza kwamba ngome zenye minara hazipo, lakini kuna Bigo, ambako watu wa zamani sana walichimba mahandaki marefu kuzunguka mji wao karibu na mto Katonga, na jina lenyewe la Bigo maana yake ni ngome. Kutoka hapo wangeenda Fort Portal, mji uliopewa jina la ngome, waone jumba la mfalme wa Tooro juu ya kilima, na maziwa yaliyojaa ndani ya mashimo ya milima ya moto. Mwisho wangeshuka bonde la Semuliki, kwenye msitu mzito, hadi chemchemi za Sempaya, ambako maji hutoka ardhini yakichemka na watu huchemshia mayai.

Kidole cha Moreen kilipofika Sempaya, Marie-Jeanne aliacha kuuliza maswali. Aliinama akaitazama ile sehemu kwa muda, kisha akaonyesha mstari mwembamba wa mto Lamia, mpakani mwa Kongo.

"Ng'ambo ya hapa," alisema, "kuna mama yangu."

Hakuwa amemwona tangu akimbie. Kurudi hakuweza, na sababu zake hakuzisema. Lakini mama yake angeweza kuvuka daraja kwa kibali cha siku moja, akakodi pikipiki mpaka kwenye maji moto. Labda na mjomba wake Kakule pia, yule aliyemlea baada ya baba yake kufa, akamfundisha kushona. Kakule miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, lakini alishaapa kwamba siku Marie-Jeanne atakapofika upande huu wa mlima, atakuja hata wamfunge kamba kwenye pikipiki.

Basi mpango wote ukabadilika. Bigo, jumba la mfalme na maziwa viliendelea kuwamo, na wale akina mama wa kwaya walivingojea kwa hamu, lakini kwa Marie-Jeanne safari nzima ikawa ni ile asubuhi moja Sempaya.

Moreen aliandika ratiba kwa uangalifu wa mtu anayeandika barua ya posa. Siku ya kwanza, Bigo. Siku ya pili, Fort Portal na maziwa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Sempaya. Juu akaandika "Agosti, wiki ya pili", kwa sababu siku ya kuondoka ilikuwa bado haijathibitishwa na mwenye gari, na chini akapiga muhuri wenye nambari ya ofisi. Marie-Jeanne alikuja kuchukua nakala moja ampe mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda upande wa Beni, Kongo, aifikishe kwa mama yake. Mama hakuwa na simu. Jirani mwenye simu alihama.

Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea.

"Hapa pa siku ya tatu," alisema, "uandike siku ya Mungu. Mama ataelewa vizuri."

Kwa wakati huo walishakubaliana na mwenye gari kwamba wataondoka Ijumaa, kwa hiyo siku ya tatu ingekuwa Jumapili. Moreen alijua hivyo. Alijua pia, kwa namna ya kusikia tu, kwamba Wakongomani huiita Jumapili siku ya Mungu. Lakini alishayasikia ya Kikongo mengi wiki ile, na Jamilah alikuwa pale, na wateja wawili kwenye benchi walikuwa wanasikiliza.

"Siku zote ni za Mungu, mama," alisema. "Hii tumeandika Kiswahili."

Benchi likacheka. Jamilah akacheka. Marie-Jeanne naye akacheka, akaikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye pochi.

"Haya, mwalimu," alisema.

Kuanzia siku hiyo hakumwita jina jingine.

*

Jumatano ya wiki ile ya pili, siku mbili kabla ya kuondoka, simu ya ofisi ililia kama saa tano. Jamilah alikuwa ametoka. Sauti iliyosikika ilikuwa ya mwanamke mzee, nyuma yake upepo na honi ya pikipiki.

"Allo? Njo ofisi ya safari?"

Moreen alisema ndiyo, ni hapo.

"Mimi ni mama ya Marie-Jeanne. Tuko hapa ku maji ya moto tangu asubui. Hatuone mutu."

Moreen alisimama. Alimwambia kwa adabu kwamba safari haijaanza, kwamba labda karatasi haikueleweka. Mama yule akasema karatasi anayo mkononi. Inasema siku ya tatu, na leo ni siku ya tatu. Jana ilikuwa ya pili, kesho ni ya ine. Alisema bila ugomvi, kama mtu anayemhesabia mtoto vidole.

Hapo Moreen alielewa. Kwao wiki huanza Jumatatu nayo ndiyo siku ya kwanza, na siku ya tatu ni Jumatano, na ndiyo maana Marie-Jeanne alitaka liandikwe lile neno lingine. Alitamka polepole, kila silabi mahali pake:

"Mama, kundi litafika Jumapili. Tafadhali rudini Jumapili, saa nne asubuhi."

"Ya pili?"

"Jumapili, mama."

"Ya pili. Nimesikia. Tutarudia."

Tutarudi, Moreen alimsahihisha moyoni, kurudia ni kufanya jambo mara ya pili. Simu ikakatika. Alikaa akaushika mkono wa kiti. Baada ya dakika kadhaa moyo ulitulia, kwa sababu kosa lilikuwa limerekebishwa: mama amejulishwa, atarudi, hakuna kilichoharibika isipokuwa nauli ya pikipiki na nusu siku. Hakukuwa na haja ya kumtia Marie-Jeanne wasiwasi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Jamilah aliporudi na kuuliza kama kuna aliyepiga, alisema hakuna wa maana.

Neno hilo, "hakuna wa maana", lilimrudia alipokuwa anakula chakula cha mchana, akashindwa kumaliza.

Alhamisi Marie-Jeanne alipita kuonyesha zawadi. Mama alishonewa gauni la kitenge lenye mikono iliyotuna mabegani. Kakule alishonewa koti la rangi ya majivu, lenye bitana, vifungo vitano na mfuko wa ndani wa kitambulisho. Alilishona kwa kukisia. Miaka tisa iliyopita mjomba alikuwa mnene, sasa hakujua. Alimwomba Moreen asimame, akamvalisha ili aone linavyoanguka mabegani. Mikono ilifunika vidole vya Moreen na kuendelea.

"Mwalimu, unaliogopa," Marie-Jeanne alisema. "Ni koti, si maiti."

Moreen alitaka kusema wakati ule. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Alilivua koti akalikunja.

*

Ijumaa, Bigo iliwachekesha. Waliacha gari chini ya mti, wakatembea kwenye nyasi ndefu wakimfuata Ocira, dereva, aliyekuwa akitangulia kuangalia nyoka, na walipofika ukingoni mwa handaki la kwanza akina mama wa kwaya waliinama wakatazama ndani. Mmoja aliuliza ngome iko wapi. Moreen akasema ndiyo hii. Akauliza tena minara iko wapi. Marie-Jeanne akamjibu kwamba ngome yenyewe imelala, imechoka kusimama tangu enzi za babu yao. Wakacheka wakashikana mabega. Baadaye, walipolifuata handaki kwa mguu na kuona linavyozidi kwenda, kicheko kilipungua. Marie-Jeanne alisema watu waliochimba yote haya kwa mkono walikuwa na hofu kubwa sana ya mtu fulani, na yeye anawaelewa. Akachuma jani la mmea uliokuwa mle ndani, akaliweka kwenye Biblia.

Moreen alieleza yote aliyopaswa kueleza. Alieleza vizuri. Kila Marie-Jeanne alipomtazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika, alihisi kama mtu anayesifiwa kwa nguo aliyoiba.

Jumamosi alasiri walikaa ukingoni, juu ya ziwa moja karibu na Fort Portal. Maji yalikuwa kijani kizito, kimya, chini sana, na kuta za shimo zilikuwa msitu mtupu wenye nyani. Walikula rolexi zilizopoa, zile chapati za kuviringishia mayai. Mmoja wa akina mama aliuliza leo ni tarehe ngapi, na Marie-Jeanne akasema tarehe hajui, anajua tu leo ni siku ya posho.

Ocira, ambaye kwao posho ni ugali, alicheka, akauliza kama kuna siku ya posho, siku ya maharagwe ni lini. Marie-Jeanne akamweleza kwamba zamani Jumamosi ndiyo wafanyakazi walikuwa wakigawiwa posho yao, na jina likabaki. Akaanza kuhesabu kwa vidole ili asikie na mwalimu, maana mwalimu hapendi haya mambo.

"Jumatatu, siku ya kwanza. Ile nyingine, siku ya pili. Halafu ya tatu, ya ine, ya tano. Posho. Kesho sasa, siku ya Mungu." Alikibusu kidole cha mwisho. "Kesho yangu."

Moreen aliacha kutafuna. Alikuwa amezihesabu zote pamoja naye, na kidole kimoja kilikuwa kimebaki mbele ya macho yake. Ya pili. Mama yule hakusema Jumapili hata mara moja. Alisema ya pili, akauliza, na yeye akamjibu kwa neno lenye pili ndani yake, na wakakubaliana. Mama angerudi Jumanne. Kesho pale Sempaya hakungekuwa na mtu. Na yeye, wakati anaambiwa hivyo masikioni, alikuwa anasahihisha "tutarudia".

Aliondoka akaenda nyuma ya gari. Kisha akarudi, akamwomba Marie-Jeanne watembee kidogo ukingoni mwa ziwa. Huko alimwambia yote. Aliyapanga kuanzia mwisho, akakosea, akaanza upya: simu ya Jumatano, maneno ya mama, maneno yake, "hakuna wa maana", koti. Aliposema kwamba mama alisema "tuko" na "tutarudia", Marie-Jeanne aligeuka.

"Tuko," alisema. "Alikuja na Kakule."

"Nadhani ndiyo, mama."

"Nilikuambia uandike siku ya Mungu."

"Uliniambia."

"Ukachekesha watu."

Marie-Jeanne aliyageukia maji. Hakulia, hakutukana, na Moreen aliona ingekuwa rahisi zaidi kama angetukana. Mwishowe aliomba ile nambari iliyopiga Jumatano, iliyokuwa bado kwenye simu ya ofisi aliyosafiri nayo Moreen. Walipiga. Bila shaka ilikuwa ya dereva wa pikipiki, na ilikuwa imezimwa. Wakapiga tena jioni, ikawa hivyo hivyo.

Jumapili walikwenda Sempaya kama karatasi ilivyosema. Mvuke ulipanda kati ya mitende, maji yakatokota kwenye mawe, akina mama wakachemsha mayai na kuimba wimbo mmoja wa kwaya kwa sauti ya chini kwa sababu walishajua. Mwanamke aliyekuwa akiuza mayai langoni aliulizwa. Alikumbuka vizuri. Jumatano walikuja wazee wawili na pikipiki mbili, mwanamume akiwa amefungwa kwa leso kiunoni kwa dereva asidondoke. Mzee huyo alikaa kwenye jiwe lile, alilionyesha kwa kidole, tangu asubuhi mapema mpaka karibu saa sita. Alikataa yai. Alisema atakula binti yake akifika.

Marie-Jeanne alikwenda akakaa kwenye jiwe lile. Moreen alisimama mbali, hakujua aiweke wapi mikono yake.

Jumatatu Ocira aliwarudisha wale wanne Kampala. Moreen alimpigia Jamilah akamweleza kila kitu bila kukizungusha, akasema anabaki. Jamilah akamwuliza kama ameshakula, akasema mengine watayasema ofisini. Walipanga chumba kimoja, Moreen na Marie-Jeanne, mjini Bundibugyo, na katika siku nzima hawakusemezana zaidi ya maneno ishirini. Neno mwalimu halikuwamo.

Jumanne, saa nne na robo, pikipiki moja ilisimama langoni.

Mama aliyeshuka alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Marie-Jeanne alikimbia, kisha hatua mbili za mwisho akazitembea taratibu kama mtu anayeogopa kumvunja. Walishikana wakakaa chini palepale kwenye vumbi, na muuza mayai akageuka akatazama pembeni. Moreen naye aligeuka. Alisikia Marie-Jeanne akiuliza neno moja tu, "Mujomba?", na akasikia mama akijibu kwamba Kakule yuko kitandani tangu ile siku, safari ilimwumiza, lakini anakula kidogo. Alitaka kuja. Walimfichia viatu.

Baadaye sana mama yule alimwita Moreen kwa kidole.

"Weye njo wa simu?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe."

Mama alimtazama kuanzia viatu. "Nilisikia unasema kama redio," alisema. "Nikaogopa kuuliza. Redio haijibu."

Hakusema kwa hasira. Alitoa kifuani ile karatasi ya ratiba, imekunjwa mara nne, imelowa jasho hadi muhuri umevuja. Akaigeuza upande mweupe, akampa. Alisema Kakule macho yake bado mazima, na hatakubali kwamba mama amemwona Marie-Jeanne mpaka aletewe kitu kilichoandikwa.

Marie-Jeanne alikuwa amemshika mama yake mkono wa kulia na hakutaka kuuachia, kwa hiyo alisema barua na Moreen akaandika. Alisema kwa lugha ya nyumbani kwao, upesi, kama mtu anayeongea jikoni. Mujomba, nilikuya. Niko ku jiwe yako nimekala. Koti ni ya kwako, kama ni kubwa usipatie mutu, utanenepa. Ile siku ulifika, miye sikukuwa, kosa haikukuwa ya kwako.

Kalamu ya Moreen ilisita kwenye "nilikuya". Ilikuwa kusita kidogo tu, mazoea ya mkono. Marie-Jeanne aliona.

"Andika vile nimesema."

Akaandika. Aliandika kila herufi kama ilivyotoka, na alipofika kwenye kosa akangoja kama Marie-Jeanne ataongeza lilikuwa la nani. Hakuongeza. Basi akaacha nafasi tupu hapo, akaendelea na salamu.

Saa tisa dereva wa pikipiki alianza kupiga honi, kwa sababu kibali cha daraja kilikuwa cha siku moja. Mama alishalivaa gauni jipya juu ya lile la zamani. Koti halikuingia kwenye mfuko, akalivaa pia, akafunga vifungo vyote vitano. Barua aliitia kwenye ule mfuko wa ndani wa kitambulisho. Akapanda, akamshika dereva kiunoni, na pikipiki ikaingia barabarani kuelekea mtoni. Mikono ya koti ilikuwa mirefu mno, viganja havikuonekana, na Moreen aliitazama ikipigwa na upepo, mitupu, hadi kona ya kwanza.

Marie-Jeanne alibaki amesimama barabarani muda mrefu baada ya hapo. Kisha alirudi, akakaa kwenye jiwe, akamwambia Moreen anunue mayai mawili.